Kapera wa Bremen

"Bendera ya Bremen ina rangi gani?"

"Nyekundu na nyeupe."

"Imekaaje?"

"Mistari mistari. Kama godoro la bweni."

"Msabaha! Jibu watakavyokuuliza wao, usinitie magodoro."

Msabaha akacheka, na kicheko kile kikamsahaulisha Mwanahija swali linalofuata. Mwaka mzima alikuwa akikisikia kwenye simu, kinakatikakatika kwa mtandao, akidhani anakijua. Kumbe hakuwa akikijua hata kidogo. Kicheko cha simu hakina mwanya wa meno ya mbele, wala hakina mkono unaojifuta jasho shingoni huku jicho linakutazama kwa wizi. Akajifanya anasoma swali alilokwisha kulisoma.

Walikuwa kwenye chumba cha kufungashia mizigo, ghorofa ya tatu, nyuma ya maduka ya jumla ya barabara ya Guangyuan Xilu, mjini Guangzhou, China. Mwanahija, mtoto wa Mwembetanga, Unguja, alikuwa akiwanunulia nguo wenye maduka wa Darajani na Kariakoo. Akizunguka, akipatana bei, akifunga marobota na kuyapeleka bandari ya Huangpu yakapakiwe melini. Chumba alikipanga pamoja na Felisia, mwanamke wa Bukoba aliyeshughulika na viatu, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Na huyu Msabaha aliyekaa kwenye kibao, anakata utepe wa kufungia kwa meno, alikuwa mumewe.

Naam, mumewe. Msishangae kuwaona wamekaa mbalimbali, mmoja juu ya robota na mwingine kule, kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Ndoa yao ilifungwa Unguja mwezi wa nane mwaka jana, na wenyewe hawakuwapo. Ami Maulid, mdogo wa marehemu baba yake Mwanahija, alikaa kuwa walii. Dullah, kaka yake Msabaha, alikaa kuwa wakili wa bwana harusi. Sheikh akasoma, mashahidi wakashuhudia, halua ikaliwa, cheti kikatoka. Bwana harusi alikuwa Bremen, Ujerumani, anasikiliza kwenye simu. Bibi harusi alikuwa soko la Shahe anapatana bei ya madera, akapigiwa akaambiwa, "Hongera, umeshakuwa mke wa mtu." Alilia palepale, na muuzaji wa Kichina, akidhani analilia bei, akampunguzia.

Kwa hiyo nikaha ilikuwapo, harusi bado. Na mama yake, Bimkubwa, alikuwa amekula yamini: "Kuozwa umeozwa, lakini hujakabidhiwa. Mpaka nikutie mkononi mwake mbele ya watu, kila mmoja alale kwake." Ndiyo maana Msabaha, aliyekuja kwa likizo fupi, alikuwa akilala hoteli kule Xiaobei, na Mwanahija akilala chumba kimoja na Felisia, akiutazama ukuta. Wameoana, wanapendana, wako mji mmoja, na hawajashikana hata kidole. Hebu jiwekeni nyinyi mahali pao.

"Haya," akasema Mwanahija. "Bremen ni jimbo la namna gani?"

"Jimbo-mji. Ndogo kuliko majimbo yote ya Ujerumani. Ina miji miwili, Bremen yenyewe na Bremerhaven, na katikati ni ardhi ya jimbo jingine, Niedersachsen."

"Hapo ndipo sijaacha kushangaa. Jimbo moja, vipande viwili, katikati kwa watu?"

"Ndiyo njia yangu ya kila siku. Nalala Bremen, kazi bandarini Bremerhaven. Treni inatoka kwetu, inapita kwa watu, inaingia tena kwetu." Akanyanyua macho. "Na hakuna anayesema si jimbo moja, Hija."

Mwanahija alielewa anaambiwa nini. Uso ukamwaka moto, akavuta mtandio.

"Usinichombeze kwenye mtihani. Nembo ya jimbo?"

"Ufunguo. Mweupe, kwenye ngao nyekundu."

"Mkuu wa serikali ya jimbo anaitwaje?"

"Rais wa Seneti."

"Bunge la jimbo linachaguliwa kwa miaka mingapi?"

"Minne. Na kura unapiga ukiwa na miaka kumi na sita. Uliza jingine."

"Mashaallah. Yamekwisha."

Mlango ukasukumwa kwa goti, akaingia Felisia amekumbatia boksi la kandambili. Alipowaona, akaliachia chini kwa kishindo.

"Yesu na Maria! Bado mnasoma habari za bendera? Shemeji, umepanda ndege kutoka Ulaya kuja kusomeshwa Ujerumani China?"

"Mtihani mwezi ujao, shemeji," akasema Msabaha.

"Hivi huo uraia wao unataka nini hasa? Maana kila siku nasikia mtihani, mtihani."

"Mtihani ni kipande tu. Kwanza uwe umeishi miaka mitano. Mimi ninayo sita. Ujue lugha yao mpaka daraja la B1. Uwe na kazi, ujilishe mwenyewe na wanaokutegemea bila kuomba fedha za serikali. Usiwe na kesi. Halafu ndiyo maswali thelathini na matatu, ukipata kumi na saba umepita. Matatu kati ya hayo ni ya jimbo unaloishi, ndiyo haya ya Bremen."

"Mh! Nilidhani kuoa kwetu Bukoba ndiko kwenye masharti. Na ule wa Tanzania?"

Msabaha akainama kwenye utepe wake. "Unaondoka. Wajerumani siku hizi hawakatazi kuwa na uraia wa nchi mbili. Sheria ya kwetu ndiyo inayokataa."

Felisia akamtazama Mwanahija, Mwanahija akatazama dirishani. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Bimkubwa alipopata habari hiyo aliweka simu chini akaenda kunywa maji, kisha akarudi na maneno. "Mie nimekuoza kwa Msabaha mtoto wa hapa Malindi. Sikukuoza kwa Mzungu. Kesho akija hapa atashuka na viza, kama watalii wa Nungwi?" Mwanahija akamtetea. Miezi yote alimtetea, mbele ya mama, mbele ya ami, mbele ya mashangazi waliokuwa wakimpigia simu kumpa pole ambayo hakuiomba. Harusi iliahirishwa ngoja apate B1. Ikaahirishwa ngoja apate mkataba wa kudumu kazini. Sasa ilikuwa ngoja apate uraia. Bimkubwa akasema harusi si mchuzi wa mbaazi, kila wageni wakichelewa unaongeza maji. Na mara ya mwisho akasema kitu kizito zaidi: Msabaha akiondoka Guangzhou bila kutaja tarehe, Ami Maulid atavaa kanzu aende kudai talaka.

Ndege ya Msabaha ilikuwa kesho asubuhi. Na Bimkubwa alikuwa akipiga simu kila siku akishamaliza sala ya adhuhuri ya kwao, jua la Guangzhou linapoanza kulegea.

"Ngojangoja huumiza matumbo," akasema Felisia akichukua karatasi zake. "Nateremka kumfuata laoban, yule bosi wa viatu, kaniletea jozi zenye miguu ya kulia mitupu. Nikimwambia anirudishie, 'mei you!' Nikimwambia abadilishe, 'mei you!' Leo atanitambua."

Mwanahija akacheka bila kutaka. Neno hilo, maana yake 'hamna', ndilo la kwanza analolijua kila mfanyabiashara aliyetia mguu Guangzhou, kwa sababu ndilo analopigwa nalo usoni tangu asubuhi. Hata Bimkubwa kule Mwembetanga alikuwa ameshalidaka. Jirani akija kuazima mbuzi ya nazi, Bimkubwa anamjibu kutoka uani, "Mei you!" kisha anajichekea mwenyewe mpaka anakohoa.

Felisia akatoka. Wakabaki wawili na mlango wazi, kama Bimkubwa alivyoagiza.

"Msabaha," akaanza Mwanahija. "Mama atapiga."

"Najua."

"Atataka tarehe."

"Hija, tumeshazungumza. Nikishakabidhiwa cheti cha uraia, wiki hiyohiyo nakata tiketi. Subira yavuta heri."

"Heri ipi? Mie nimeshavuta subira mpaka kamba imenichuna mikono. Taja mwezi tu. Nisimwambie siku, nimwambie mwezi."

"Nikitaja mwezi na ofisi ikachelewa, nitakuwa mwongo."

"Sasa hivi wewe ni nani?"

Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia. Msabaha akasimama, akaja mpaka karibu na robota, akasita hatua moja mbele yake. Harufu yake ilikuwa ya sabuni ya hoteli na jasho la kazi aliyokuwa akimsaidia tangu asubuhi bila kuombwa. Mwanahija akatamani, ee Mola nisamehe, akatamani aivunje hiyo hatua moja na yamini ya Bimkubwa iende na maji.

"Nakupenda," akasema Msabaha taratibu. "Hili si jambo la kunitilia shaka. Nafanya yote haya nikuchukue. Nyumba yetu, jikoni yetu, wewe na mimi tunagombania blanketi la baridi. Hulioni?"

"Naliona," akanong'ona. "Ndiyo maana nimechoka."

Na simu ya Msabaha ikalia.

Akaitazama, akajiweka sawa kola, kana kwamba mpigaji anamwona. "Ofisi ya uraia," akasema. "Nilijua wangepiga wiki hii. Bibi anayeshika faili langu." Akapokea na kuanza kuongea Kijerumani, amesimama wima, ameweka mkono mfukoni.

Sasa kuna jambo Msabaha hakulijua. Tangu mwezi wa Rajabu, kila alfajiri akishasali, Mwanahija alikuwa akijifunza Kijerumani kwenye simu, peke yake, chini ya shuka asimwamshe Felisia. Msabaha alimwambia atajifunza akishafika. Mwanahija mwenyewe akauliza huku na huku, akaambiwa mke anayemfuata mumewe Ujerumani huanza na mtihani wa lugha, wa daraja la chini kabisa. Akasema basi nitamshangaza. Alikuwa na sentensi moja aliyoiweka kama mtu anavyoweka dhahabu ya harusi, ya kumwambia kesho uwanja wa ndege: Ich bin deine Frau. Mimi ni mkeo. Aliifanyia mazoezi mpaka akiwa anapika.

Kwa hiyo alimsikiliza mumewe kwa fahari, akidaka neno hapa, neno pale. Jina lake. Mtaa wake. Arbeit, kazi. Bremerhaven. Kila alilolielewa alilishika kwa furaha kama mtoto aliyeokota sarafu. Kisha yule bibi wa upande wa pili akauliza kitu, na Msabaha akajibu bila kusita.

"Nein. Ledig. Keine Kinder."

Mwanahija akabaki ametazama utepe wa kufungia.

Somo la kwanza. Somo la kwanza kabisa, kabla hujajua kuomba maji: jina lako, unakotoka, una ndoa au huna. Verheiratet, mwenye ndoa. Ledig, kapera. Alilirudia neno hilo kichwani akitafuta maana nyingine, labda kuna maana nyingine kwenye daraja la juu ambalo hajafika. Hakuna. Hapana, kapera, sina watoto. Amesema hivyo akiwa amesimama hatua moja mbele yake, mkono mfukoni, sauti haikutetereka.

Msabaha akamaliza, akakata simu, akageuka na uso uliojaa bashasha.

"Mambo mazuri! Anahakiki taarifa tu, atanipigia tena kidogo akishaangalia karatasi ya kazini. Hija? Mbona umekuwa hivyo?"

"Kakuuliza kama una mke."

"Nani?"

"Bibi wa faili. Kakuuliza kama umeoa, ukamwambia hapana, wewe kapera."

Msabaha akaiangalia simu iliyo mkononi mwake.

"Umejulia wapi..."

"Usiniulize nimejulia wapi! Hilo ndilo linalokushangaza? Kwamba nimejua?" Aliteremka kwenye robota. "Tangu lini wewe kapera, Msabaha? Ami Maulid alimpa nani mkono wangu siku ile? Dullah alikubali kwa niaba ya nani? Halua ya watu ililiwa kwa sababu gani?"

"Punguza sauti, nikueleze."

"Nieleze kwa sauti yoyote uitakayo."

"Sikiliza. Nilipopeleka maombi, mwezi wa pili..."

"Tulikuwa na nusu mwaka wa ndoa."

"Sikiliza basi! Ukisema umeoa wanataka cheti. Cheti kimetoka Zanzibar, kitafsiriwe, kihakikiwe, mtu atumwe akaulize kama ni cha kweli. Kuna jamaa namjua, faili lake lililala mwaka na nusu kwa sababu hiyo tu. Halafu wanauliza, mke anakula nini? Mshahara unatosha watu wawili?"

"Mimi nimekuomba chakula lini?"

"Hujaomba, ila..."

"Mimi najilisha, namlisha mama, na hizi siku zote nimekulisha wewe mishikaki ya Xiaobei ukasema hujala tamu kama hiyo. Hebu nikumbushe ni lini nilikuwa mzigo wako."

"Si mimi ninayesema, ni masharti yao!"

"Masharti yao yanasema useme kweli. Hilo umelisoma? Mie nimelisoma. Wakigundua ulidanganya wanaweza kukunyang'anya huo uraia wao hata miaka imepita. Na wa kwetu utakuwa umeshauacha. Utakuwa raia wa wapi, wa hiyo treni yako?"

"Nani atawaambia?" akasema Msabaha.

Alilisema bila kufikiri. Likatoka, likakaa katikati yao, na hakuna aliyeweza kulirudisha. Chini, wabeba mizigo walikuwa wakipiga kelele watu wapishe njia, magurudumu ya vitoroli yakigonga ngazi.

"Kweli," akasema Mwanahija. "Nani atawaambia? Mke yuko China."

"Hija, kwa Mungu wewe ni mke wangu. Wale ni watu wa ofisi tu. Ni neno moja kwenye simu."

"Kwa Mungu mke, kwa Unguja mke, kwa mama yangu mke anayenyimwa harusi kila msimu. Kwa hao tu unaotaka kuwa mwenzao ndiyo sipo. Na ndiko unakotaka kunipeleka nikaishi!" Machozi yakaanza, akayakasirikia, akayafuta na kiganja kilichojaa vumbi la marobota. "Mie nimegombana na mama kwa ajili yako. Amesema umegeuka mgeni, nikasema si mgeni, ni karatasi tu, moyo haubadilishwi pasi. Nimemfokea mama yangu, Msabaha. Na yeye ndiye aliyeona."

"Mama yako hajawahi kunipenda."

"Mama yangu hakupendi, lakini akiulizwa mkwe wake nani anakutaja jina!"

Adhana ya alasiri ikalia kwenye simu ya Msabaha, simu ileile, sauti tamu ya muadhini wa nyumbani. Akaichomeka kwenye chaji juu ya meza ya kupimia.

"Naenda kutia udhu," akasema kwa uchovu. "Nikirudi tuzungumze kama watu wazima. Tafadhali."

Akatoka, akaelekea mabombani mwisho wa ukumbi. Mwanahija akabaki amesimama na hasira isiyojua pa kwenda. Akachukua dera moja akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena vibaya zaidi. Angekuwa amemkuta na mwanamke angejua la kufanya. Wanawake wote wa Mwembetanga wanajua la kufanya mume akikutwa na mwanamke. Lakini hili la kukutwa hana mwanamke, na hali wewe mwenyewe ndiye mwanamke, limefundishwa wapi?

Simu ikalia. Namba ileile ndefu ya Bremen.

Akaiangalia ikilia. Akaapa hataigusa. Kisha akaiona imo mkononi mwake, sikioni, na sauti ya mwanamke, ya upole, isiyo na kosa lolote, ikasema jina la Msabaha kwa kulivunja katikati. Mwanahija hakujibu. Sauti ikauliza polepole, neno moja moja, kama watu wanavyoulizana kwenye masomo yake ya alfajiri.

"Wer spricht da, bitte?"

Nani anaongea?

Lo! Alikuwa nayo hiyo sentensi. Ilimkaa ulimini tayari, angebadilisha neno moja tu: Ich bin seine Frau. Mimi ni mkewe. Pumzi moja, na faili lote la Msabaha linarudi mwanzo, miaka sita ya kulala kwenye vyumba vya watu na kufunga makontena kwenye baridi inayopasua midomo. Akageuka, na Msabaha alikuwa mlangoni. Maji yalikuwa yakimchuruzika kwenye ndevu na viwiko. Alikuwa akitikisa kichwa. Hakusema kitu, alitikisa kichwa tu, polepole, na macho yake yalikuwa yakimwomba kama hajawahi kumwomba kitu maishani.

Na Mwanahija alimpenda. Hapo ndipo penye uchungu. Angekuwa hampendi angelisema.

Akaitoa simu sikioni, akamnyooshea.

"Anauliza mimi ni nani," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. "Mjibu wewe. Sitasema kitu. Lolote utakalomjibu, nitalikubali."

Msabaha akaja. Akaipokea simu, na vidole vyake vyenye maji vikagusa vidole vya Mwanahija. Ilikuwa mara ya kwanza. Mwaka mzima walikuwa wakiulizana kwenye simu siku hiyo itakuwaje, na siku yenyewe ilikuwa hii, chumba cha marobota, mkono wake umelowa na wa baridi, na mwili wote wa Mwanahija ukasisimka hivyohivyo, haukuwa na habari ya ugomvi. Wakatazamana. Kwa kitambo kidogo alikuwa na hakika, hakika kama ya jina lake, kwamba Msabaha atalisema. Aliliona linapanda kooni mwake.

"Entschuldigung," akasema Msabaha kwenye simu. Samahani. Akayahamisha macho, akayaweka kwenye marobota. "Das war nur eine Verkäuferin."

Somo la tatu, kazi za watu. Mwalimu, daktari, dereva. Verkäuferin, mwanamke muuza duka.

Ni muuza duka tu.

Aliongea kidogo zaidi, akashukuru mara mbili, akakata. Kisha akabaki ameshika simu kwa mikono yote miwili.

"Imepita," akasema. "Faili limekamilika, Hija. Bado mtihani tu. Mtihani tu, halafu nakuja nyumbani, naapa. Mwezi wa kumi na mbili. Umetaka mwezi, huo hapo. Mwambie mama mwezi wa kumi na mbili."

Mwanahija akachukua utepe, akauzungusha kwenye robota la mwisho, akavuta mpaka ukalia.

"Ningefanyaje? Nimwambie nini? Ningemwambia kweli sasa, baada ya kusema uongo saa ile, si ningefukuzwa? Nimetuokoa sisi wawili. Siku moja tutacheka. Hija, nitazame basi. Niseme nini?"

Alitaka kumwambia kwamba jibu lilikuwa fupi kuliko yote aliyoyakariri. Bendera aliijua, nembo aliijua, rais wa Seneti alimjua. Lakini ahadi ni ahadi. Alikuwa amesema jibu lolote atalikubali, na alikuwa mtoto wa mtu, hakuwa mwenye kurudi nyuma. Akaufunga utepe fundo, akakata, akajikung'uta vumbi kwenye baibui.

Simu yake yeye ikalia. Bimkubwa, baada ya adhuhuri ya kwao, kama saa ya ukutani.

"Mwambie mwezi wa kumi na mbili," akanong'ona Msabaha haraka. Akasogea, akanyoosha mkono, uleule. "Au nipe mimi. Nitazungumza naye mwenyewe. Nitamwomba radhi, nitamwita mama. Nipe."

Mwanahija akapokea.

"Asalaam alaykum, mama."

"Waalaykum salaam, mwanangu. Hujambo? Mbona sauti hiyo, una mafua?" Nyuma ya Bimkubwa palisikika mchi ukitwanga na redio ya jirani, nyumbani kabisa. "Haya, sitaki maneno mengi leo, sitaki kugombana. Nimekaa nimefikiri. Nikasema labda nimemkaza sana kijana wa watu. Hebu nipe nizungumze naye kwa uzuri. Mumeo yupo hapo?"

Mkono wa Msabaha ulikuwa bado umenyooshwa. Mwanahija akautazama, kisha akamtazama usoni, uso wote, na ule mwanya wa mbele aliokuja kuujua wiki hii, akautazama kwa muda mrefu ili asije akasema hakuuona vizuri.

"Mei you, mama," akasema.

Redio ya jirani ikaendelea kuimba. Mchi ukanyamaza. Bimkubwa alilijua neno hilo, na safari hii hakucheka.

"Basi funga duka, mwanangu," akasema. "Uje nyumbani."